Kompyuta Isiyojua Tarehe ya Leo

Umeme ulirudi mtaani Kadutu, na sisi wote ndani ya cyber tukashangilia kama goli limeingia. Kando yangu, maman mmoja mwenye mvi alikuwa na haraka kutushinda: bourse, yaani pesa za ufadhili wa masomo ya mjukuu wake, ilipaswa kuthibitishwa siku hiyo hiyo. Ukurasa ukagoma kufunguka.

"Machine iko muzee, maman," akasema mwenye cyber. "Hata wenye kuitengeneza waliishaiacha. Pile, ile betri ndogo ya ndani, ilikufa. Umeme ikikatika inasahau siku, na internet inaikatala."

Akageuka, akatupigia kelele: "Leo ni tarehe ngapi?"

Tukajibu kwa pamoja kama darasa la kwanza. Akaandika tarehe, akazima picha zote ili ukurasa uwe mwepesi, akajaribu tena. Ukaja! Maneno matupu, lakini pa kuthibitisha palikuwepo. Maman akabonyeza taratibu, kama anafunga kifungo cha shati la mtoto.

"Imekubali!"

Makofi! Mwenye cyber akaanza kuomba radhi kwa ajili ya machine yake. Maman akamkatiza, akiipapasa:

"Muiache. Hata mimi nikiamuka naulizaka leo ni siku gani, na hakuna mwenye alinitupa."