Bendera Iliyokwama

Wakipaka chokaa mbele ya ofisi ya gavana, harufu yake bado hunikaza miguu. Tulikuwa kwenye ziara ya shule, tukielezwa historia ya jengo lile lililokuwa limetoka kupakwa chokaa, firimbi ikalia. Bendera ikishushwa, hapa kwetu hakuna anayetikisika, hata mwendesha baiskeli. Siku hiyo kamba ikakwama, nami nilikuwa nimebanwa na mkojo.

“Madame, itatoka,” nikamnong'oneza mwalimu.

“Bon, itoke. Lakini usitingishike, polisi iko naangalia.”

Nikatii. Joto likanishuka hadi ndani ya viatu. Bendera ilipofika chini, polisi akaninyooshea kidole.

“Muone huyu mutoto. Hakutingishika hata kidogo. Njoo mbele tukupigie makofi.”

Makofi yakaanza. Mimi, mzalendo kuliko wote, nikabaki nimesimama juu ya dimbwi langu.