Nilibadilisha plagi za mabawa ya ndege ya mzee mmoja Arusha, halafu akaniambia: fundi, panda

Wakuu, heshima kwenu wote mlioko kazini na mlioko vijiweni.

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, hapahapa Arusha, na naweka kama kilivyokuwa. Wale wa kusema "chai" chukueni vikombe kabisa, mimi siongezi sukari.

Mimi ni fundi umeme wa magari, gereji yangu iko Kimandolu. Kazi zangu nyingi ni magari ya safari, yale yanayorudi porini yamejaa vumbi mpaka kwenye redio. Kwenye waya najiamini. Mke wangu anasema najiamini kupita kiasi, lakini huyo tumwache, huu uzi ni wangu.

Siku moja akaja mzee wa Kisingasinga, nimwite Mzee Balbir. Familia yao iko Arusha tangu enzi za babu yake, na Kiswahili chake kimenizidi. Alikuwa na karakana kubwa, sasa amestaafu.

Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, nina kitu changu taa zinawaka zinazima, geji ya mafuta inacheza kama ina malaria. Utakuja kuangalia?"

Nikajua ni gari. Tukaondoka njia ya kwenda Namanga, tukakata kushoto kwenye mashamba, tukafika kwenye banda la zamani la kuhifadhia ngano. Akafungua mlango.

Ndege.

Aisee, ndege kabisa, ya watu wawili, ameiunda mwenyewe kwa mikono yake. Ina namba na vibali vyote, na ameshairusha miaka. Ila mabawa yalikuwa yameegemezwa ukutani kama milango inayosubiri fremu. Banda ni jembamba, kwa hiyo kila akimaliza kuruka anavua mabawa, na akitaka kuruka anayavisha upya.

Ugonjwa nikauona hapohapo. Pale bawa linapokutana na kiwiliwili, waya zilikuwa zimeungwa kwa zile konekta nyeupe za plastiki za skrubu, za taa za nyumbani! Kila akivua anafungua skrubu, kila akivisha anakaza. Nyuzi za shaba zimekatika moja moja, nyingine zimebaki mbili tatu zinamwomba Mungu. Injini ikitetemeka, taa inakonyeza.

Nikamwambia, "Mzee, hapa tunaweka plagi za kiume." Nikimaanisha zile za chuma za duara, unaingiza, unazungusha, inalia "tak", imejifunga. Vumbi haliingii na mtetemo hauifungui. Akaagiza, zikaja.

Kazi niliifanya kwa raha sana. Kila pini nimeibana kwa crimping tool, kila waya nimeuvuta kwa nguvu kuona kama utachomoka. Nikavuta waya mpya kutoka kwenye plagi mpaka kwenye dashibodi, nikabandika alama, huu wa kushoto, huu wa kulia. Mke wa mzee, tunamwita Mama tu, alikuwa analeta chai ya tangawizi na kachori, ananiuliza, "Fundi, sasa itakuwa salama?" Nami najibu, "Mama, lala usingizi."

Mama alikuwa na sababu ya kuuliza. Mwaka huu wanasherehekea miaka yao mingi ya ndoa, na mzee alimwahidi kumzungusha Mlima Meru kwa ndege hiyo. Mama hajawahi kuipanda. Alikuwa amekataa kwa sababu ya zile taa za kukonyeza.

Tukavisha mabawa. Tak, tak. Nikawasha swichi, taa zote zikawaka kama Krismasi. Geji zote mbili za mafuta, moja kwa kila tangi la bawa, ziko chini kabisa, sawa, maana akivua mabawa anamwaga mafuta yote kwanza. Nikafuta mikono, nikaanza kukusanya vifaa huku napiga mluzi.

Mzee akasema, "Jumamosi asubuhi uje na sweta. Juu kuna baridi."

"Juu wapi, mzee?"

"Juu. Hapa kwangu anayefunga waya ndiye anapanda safari ya kwanza. Karakana yangu ilikuwa hivyohivyo. Ukifunga breki, unaendesha wewe."

Wakuu, mimi sijawahi kupanda ndege. Mimi hata ngazi ya kubadilishia balbu nashikiwa.

Nikajitetea, "Mzee, mimi nina mke."

"Hata mimi ninaye, yule pale."

Mama akacheka mpaka kachori ikamdondoka.

Nikampigia mama yangu mzazi, yuko Oldonyo Sambu na ng'ombe wake. Sisi Waarusha mama tunamwita yeyo. Nikamweleza, nikitegemea anikataze ili nipate sababu. Yeye akasema, "Lomnyaki, ukianguka usiangukie mahindi yangu." Halafu akaongeza kwamba ataanika shuka jekundu kwenye uzio ili nilijue boma letu nikiwa juu. Nikajua nimekwisha.

Jumamosi nilifika mapema kuliko mzee mwenyewe. Na hapa ndipo penyewe, nisikilizeni vizuri.

Kazi ileile niliyoimaliza napiga mluzi, sasa naiangalia kwa jicho la mtu anayekwenda kukaa ndani yake. Nikafungua plagi, nikafunga. Nikavuta waya mpaka vidole vikauma. Nikatafuta mahali waya unaweza kusugulika, nikaongeza vifungo vya plastiki. Kosa sikuliona. Injinia mwenye leseni ya kukagua alikuwa aje saa nne, mimi nikawa naomba apate pancha.

Mzee akaniambia, "Ingia ukae, uzoee kiti." Nikaingia, kiti cha kulia. Swichi ya betri ilikuwa imewashwa. Mama naye akaanza kujaza petroli, akapanda kigoda na dumu lake na faneli, akaanza na bawa lililokuwa mkono wangu wa kulia.

Siku zote wanajaza matangi yote mawili ndipo mtu anaingia. Siku hiyo mimi nilikuwa ndani kwa sababu ya woga tu.

Nikaona mshale wa geji unapanda. Wa kushoto.

Nikageuza shingo. Mama yuko kulia. Nikarudi kwenye geji. Kushoto inapanda, kulia imelala chini.

"Mama! Unamimina upande gani?"

"Huuhuu ninaosimama, kwani hunioni?"

Wakuu, nilikuwa nimezipishanisha waya za geji, ya kushoto nimeipeleka kulia na ya kulia kushoto.

Mnajua kwa nini? Muda wote nilifanya kazi nimesimama mbele ya pua ya ndege, kichwa nimeingiza ndani, kama ninavyoinamia boneti ya gari. Kushoto kwangu ni kulia kwa ndege. Kwenye gari sikosei, maana usukani uko kulia na ndio unaonikumbusha. Ile ndege ina usukani kila kiti! Sikuwa na cha kunikumbusha. Na taa hazikunishtaki kwa sababu zote zinawaka kwa swichi moja.

Kwa msiojua, ndege ile rubani anachagua mwenyewe kwa koki injini inywe kutoka tangi gani. Sasa fikiria yuko juu ya msitu wa Meru, geji inamwambia kushoto kumejaa, anageuza koki kushoto, kumbe kushoto ndiko kukavu. Pangaboi linasimama. Pale hakuna pa kuegesha pembeni uwashe hazard.

Nilimwambia mzee ukweli palepale. Nilitegemea anitukane. Hakunitukana. Alikaa juu ya dumu, akavua miwani. "Hata mimi nimepita hapo nikaangalia, sikuona," akasema. "Na Mama ndiye angekuwa ndani." Akafuta macho kwa mkono, na mimi machozi yakanilenga, sifichi.

Mama ndiye aliyetuokoa. "Haya, mmeshalia? Badilisheni hizo waya. Na mtapanda wote wawili kabla yangu!"

Nikabadilisha nikiwa nimekaa kwenye kiti, siyo mbele ya pua. Tukamwaga mafuta, tukajaza tangi moja, tukatazama geji, tukajaza la pili, tukatazama tena. Injinia akaja (hakupata pancha), tukamweleza kila kitu, akarudia mwenyewe, akasaini.

Tukapaa.

Kelele nilizopiga siziandiki humu. Nilisali kwa Kimaasai, nikasali kwa Kiswahili, kidogo niimbe na wimbo wa kwaya. Kisha nikafungua jicho moja, nikauona Mlima Meru umekaa pale, mkubwa, tulivu, mpaka woga nikausahau. Tukapinda juu ya Oldonyo Sambu, na pale chini, kwenye uzio, kitu chekundu.

Nililia kama mtoto, na mzee akajifanya anaangalia geji.

Tulipotua nikapiga simu. "Yeyo, umeniona?"

"Nimeona kitu kama nzi. Ng'ombe hawakuinua hata kichwa."

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya Mama, kajifunga mtandio wa manjano, kapendeza. Kabla mlango haujafungwa akaniita. "Fundi, itakuwa salama?"

Safari hii sikumwambia alale usingizi. Nikamwambia, "Mama, mimi nimeipanda." Akafunga mlango mwenyewe.

Siku hizi gereji kwangu ni sheria, na vijana wangu wananuna sana. Ukifunga waya wa gari la mtu, unaingia, mnakwenda naye mpaka Kikatiti na kurudi. Tangu hapo hakuna anayeniambia "bosi, tayari" bila kurudi kuangalia mara ya pili.

Haya, mafundi wa humu, wa umeme, wa gesi, wa nondo, wa lifti, karibuni mnichambue, matusi kidogo ruksa. Ila mnijibu na hili: ile kazi uliyokabidhi jana, ungepanda?