Mgeni Aliyesema na Chungu

Cheka tu. Ukimaliza kucheka utanikuta hapahapa, na maneno yangu ni yaleyale. Nilimwona kwa macho yangu haya, mchana kweupe, dukani Bondeni, hapa Kyela.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye mtaji ananunua na kusafirisha. Tajiri wangu, Bwana Salimu, alinunua kwa wingi vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa kando ya ziwa, akavisafirisha kwa boti, kisha akaleta kompyuta. Wa kuiendesha nilikuwa mimi, binti wa Tanga niliyeolewa huku, na kazi nilikuwa naijua, sitaki unyenyekevu wa uongo. Vyungu hatukuvipima kimoja kimoja. Tulivipanga kwa makundi: kilo mbili hadi nne, nne hadi sita, na kuendelea. Nikaandika makro, yaani amri ambazo kompyuta inazifuata yenyewe: ichukue uzito wa katikati wa kila kundi, izidishe kwa idadi ya vyungu, ijumlishe yote, inipe uzito wa shehena nzima. Unabonyeza tu, jibu hilo hapo!

Kasheshe ilikuwa kundi la mwisho: kilo kumi na zaidi. Katikati yake ni wapi, na kikomo halina? "Weka kumi na moja, mama, boti linasubiri," akasema Bwana Salimu. Nahodha wa boti lenyewe alikuwa mume wangu, Ambakisye. Nikaweka.

Bwana Salimu alipotoka, akaingia mzee mmoja, koti limelowa chapachapa kwa mvua. Akasimama kunipa mgongo, uso ukutani. "Ugonile, baba," nikamsalimu kwa Kinyakyusa changu cha kuokota. Badala ya kuitikia, akagonga chungu kikubwa kwa kidole, ngo, ngo, kisha akasema nacho: "Wewe chungu, mwambie mwenye meza, vikubwa kavipunguzia uzito. Boti likijazwa hivyo, mwanangu harudi."

Jamani, mimi nina hasira za karibu. Mtu aingie ninapofanyia kazi, anipe mgongo, halafu anisengenye kwa chungu nami nipo? Nikainuka nimzunguke nimwone uso. Niamini: nikaenda kulia, mgongo. Nikaenda kushoto, mgongo. Na miguu yake haikusogea hata kidogo! Nikarudi mbio kwenye kiti. Nilipoinua macho, mtu hakuna.

Ungefanya nini? Mimi nilivuta mzani. Chungu kikubwa cha kwanza, kilo kumi na tisa. Cha pili kikazidi hapo. Nikavipima vikubwa vyote, nikaingiza uzito wake halisi, nikabonyeza. Shehena ikapita uwezo wa boti, tena kwa mbali. Bwana Salimu alifoka weee! Nikamwambia nusu ya vikubwa vinabaki, la sivyo atafute nahodha mwingine, maana mume wangu haendi. Vikabaki.

Ambakisye alirudi midomo imemkauka. Ziwa lilichafuka wakiwa katikati, mawimbi yakawa yanaingia ndani. "Kingeongezwa chungu kimoja tu, mke wangu, tungezama," akasema.

Ndipo nikamweleza habari za yule mzee.

"Alikupa mgongo?"

"Ndiyo, mshenzi yule!"

"Usimtukane." Akakaa chini. "Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawasemezani. Akiwa na neno, anamwambia mtu mwingine, nawe upo unasikia. Sasa kama mtu mwingine hayupo..."

Akalia kama mtoto, nami nikalia naye. Baba yake alizama ziwani na shehena ya vyungu, mimi sijaijua hata njia ya kuja Kyela.

Ambakisye yupo, mvi zimemjaa, sasa hivi anakoroma chumba cha pili. Mimi nikiwa kazini nikahisi mtu amesimama nyuma yangu, sigeuki. Najitanda kanga usoni, naacha kuandika, nasikiliza. Watu wa Tanga wananicheka kwa hilo, na siwajali.

Nawe unayepanga vitu kwa makundi, lile kundi lisilo na kikomo usilikisie kwa sababu mtu ana haraka. Nyanyuka ukapime. Si kila mtu ana baba mkwe atakayetoka ziwani kuja kumwambia.