Jina Nyuma ya Kadi

Nimemtukana Dufie kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Anayetaka kunishangaa na anishangae, lakini anisikilize kwanza, kwa sababu katika mji huu wa Abetifi hakuna mtu niliyempenda kama yule mwanamke, na matusi yale ndiyo yaliyokuwa kinga yake.

Tulikuwa na baraza moja. Upande wangu cherehani, upande wake meza ya kadi. Asubuhi ukungu wa mlima ulikuwa bado umekaa hata kanisa hulioni, na sisi tumeshaanza: mimi nakata nguo, yeye anaokota vipande vinavyoanguka. Vipande vyangu vya kitenge alivigeuza mabawa ya njiwa. Karatasi ngumu aliikunja mara nne, akaidokoa kidogo kwa mkasi, akaikunjua, na kumbe msalaba umechanua maua kila ncha. Gundi alipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Maneno aliyatunga mwenyewe baada ya kupiga magoti, hakunakili popote. Ubatizo, harusi, msiba, sikukuu ya mavuno, wote walitaka kadi ya Dufie. Na nyuma ya kila kadi, chini kabisa, aliandika kwa herufi ndogo za kupendeza: Mkono wa Dufie.

"Shoga, kwani Mungu hajui ni wewe uliyeitengeneza?" nilimwuliza siku moja.

"Mungu anajua. Ni hao wengine ndio sitaki wasahau."

Alikuwa na majivuno. Namsema kwenu kama nilivyomsema usoni pake. Alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, na kadi zile ndizo alizozitazama kama watu wanavyotazama watoto wao wakienda shule.

Sasa, nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi Ofosua. Alikuwa amezika watoto watatu, wote kabla ya kuota jino. Wa nne alipozaliwa, msichana, mama mkwe wake, Bibi Nyarkoa, hakutaka mchezo. Siku ya nane, ambayo mtoto hupewa jina, alimbeba hadi jalalani nyuma ya nyumba, akamlaza juu ya maganda ya ndizi, akaondoka bila kugeuka. Mimi nilipangiwa kupita na kumwokota. Nikasema kwa sauti kubwa, kama nilivyofundishwa, "Jamani, nani kaacha takataka zake hapa?" Nikampelekea Ofosua kama mtu anayerudisha ungo aliouazima. Mtoto akaitwa Sumina. Maana yake ni jalala.

Huo si ukatili. Sisi tunajua kila mtoto ana mama wawili, huyu wa hapa na yule aliyemwacha huko alikotoka. Yule wa huko husikiliza. Akisikia mwanawe anasifiwa na kupendwa, anaingiwa na wivu, anamwita, na mtoto anaitika. Ofosua alishaitiwa watatu. Kwa hiyo huyu wa nne tulimnunia, tukamwita uchafu, na tukimwona ananenepa tunageuza uso.

Ila Dufie hakutaka kusikia. Akina mama wa kanisa walimwagiza kadi za watoto wa ubatizo, na orodha ya majina ilipomfikia alitupa kalamu mezani.

"Jalala? Ndani ya nyumba ya Mungu niandike jalala?"

"Wewe andika ulichoambiwa," nikamwambia.

"Amponsaa, wewe umebatizwa kweli au ulimwagiwa maji tu?"

"Nimebatizwa. Na nimebeba majeneza matatu ya Ofosua, kila moja dogo kama droo ya cherehani hii. Andika Sumina!"

Akanikata jicho, akaokota kalamu. Nilidhani nimeshinda. Jumapili ile Ofosua alipofungua kadi yake mle kanisani akaanza kulia, nikachungulia begani kwake. Uzi wa dhahabu, njiwa wawili, na katikati jina Nhyira, yaani Baraka. Chini yake: Tunakujua kwa jina, wewe ni wetu. Ofosua masikini alikuwa na kiu ya kumwita mwanawe jina zuri. Akamwinamia mtoto sikioni, akamsomea yote kwa sauti, akarudia jina lile mara tatu. Akaenda kuitundika ukutani juu ya kitanda.

Jumanne, saa sita mchana, vumbi la kiangazi limefunika barabara, mwanamke mmoja akasimama mbele ya baraza letu.

Mimi ni mshonaji. Mtu akija naanza kumtazama nguo ndipo nitazame sura. Alivaa nguo nyeupe ndefu yenye mikono, na haikuwa na mshono. Si begani, si ubavuni, si kwenye pindo. Nikatafuta mshono mpaka macho yakauma. Barabara yote ilikuwa nyekundu kwa vumbi, na pindo lile halikuwa na hata chembe.

"Wewe ndiye Dufie," akasema. Hakuuliza.

"Ndiye mimi, mama. Karibu. Nani kakuelekeza?"

"Jina lako liko nyuma ya kadi."

Dufie alifurahi, namkumbuka. Akafuta kiti kwa upande wa kanga. Mgeni hakukaa.

"Mwanangu anarudi nyumbani," akasema. "Ametembea sana. Nataka kadi ya kumpokea."

"Hongera! Anaitwa nani?"

"Nhyira."

"Ajabu! Juzi tu nimeandika jina hilo hilo. Anafika lini?"

"Ijumaa. Nitapita saa kama hizi kuichukua."

Akaondoka. Nikamwambia Dufie, "Yule nguo yake haina mshono." Akanijibu kwamba labda yuko mshonaji hodari kuliko mimi na roho inaniuma. Akakata karatasi nyeupe, akaanza.

Jumatano asubuhi Ofosua alikuja mbio, kitenge kinamvuka. Mtoto hataki kunyonya. Hana homa. Zahanati wamempima, hawajaona kitu.

"Ila anacheka," akasema Ofosua. "Mtoto wa wiki tatu! Anatazama kona ya ukuta, pale kwenye kadi, anacheka na mtu."

Nikamtazama Dufie. Mkasi ulikuwa umeganda mkononi mwake. Mbele yake ilikuwa kadi iliyokwisha nusu, nzuri kuliko zote alizowahi kufanya: Nhyira, karibu nyumbani.

"Ni mimi," akasema polepole. "Nimemwambia yule mwanamke mtoto yupo wapi."

Alhamisi yote aliomba. Alikwenda kuibandua kadi ya ukutani, tukaichoma, na moshi wake ukanuka maziwa, Mungu wangu, nausikia hadi leo. Mtoto alizidi kulegea. Alikuwa amekuwa mwepesi, unamwinua unaona kama umeinua nguo zake tu. Ofosua hakulia tena, na hilo ndilo lililonitisha.

Ijumaa kulipokucha Dufie akaniambia, "Nipe kapu lako la takataka."

Akachana mfuko wa saruji. Akamwaga juu yake nyuzi zangu zilizokatika, vumbi la kufagia, magamba ya samaki wa jana. Gundi aliitumia iliyochacha. Lakini alipoanza kuandika, mkono ukamkatalia. Kila herufi ilitoka nzuri. Akachana karatasi, akaanza upya, S ikatoka imejikunja kama ua. Akalia kwa hasira. Mwisho akahamisha kalamu mkono wa kushoto, na kwa mkono huo, machozi yakimdondokea, akaandika kwa kombo: Sumina. Jalala. Hana sura. Hatumtaki. Nyuma hakuandika kitu.

Saa sita yule mwanamke akaja. Vumbi lilimpisha.

"Kadi yangu."

Dufie akampa kwa mikono miwili. Akaisoma muda mrefu. Gamba moja la samaki lilidondoka chini na nililisikia likidondoka.

"Huyu ni nani?"

"Ndiye tuliyenaye," Dufie akasema. "Nhyira hayupo hapa, mama. Hajawahi kuwepo. Nilikosea kuandika."

Yule mwanamke akageuka kutazama upande wa nyumba ya Ofosua. Akapiga hatua moja. Hapo mdomo wangu, ambao haujawahi kuwa na breki, ukafunguka wenyewe.

"Unakitaka hicho?" nikasema. "Chukua, utusaidie! Kinanuka, kinatujazia nzi. Tumekiokota jalalani na hata jalala halikitaki!"

Akanitazama. Macho yake hayakuwa mabaya, na afadhali yangekuwa mabaya. Yalikuwa macho ya Ofosua siku ya jeneza la tatu.

"Huyu si wangu," akasema, akaiweka kadi mezani. Kisha akamgeukia mwenzangu. "Lakini Dufie namjua. Ana mkono mzuri. Siku moja nitamwita."

Akaenda zake. Mchana ule ule mtoto akashika ziwa, akanyonya mpaka akapaliwa, na Ofosua akampiga kofi dogo la matako na kumwita mlafi, mchafu, huku anacheka na kulia.

Dufie hakusaini tena kadi yoyote. Watu wakasema amejifunza unyenyekevu, waache waseme. Alinishika mkono jioni ile akaniambia, "Amponsaa, jina langu lisisikike hapa tena. Nitafutie lingine, baya." Nikamwita Gunzi. Mchungaji alitukemea, akachoka, akaacha. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado barazani, nilipiga kelele, "We Gunzi, hujafa tu?" Naye akajibu, "Nipo, kwa bahati yako mbaya." Nikisikia jibu hilo ndipo natia uzi kwenye sindano.

Sumina akakua. Mdomo wake kama wangu, vidole vyake kama vya Dufie. Alikuja kwenye ile meza akiwa hata haifikii vizuri, akajifunza njiwa, akajifunza msalaba wa maua. Yule msichana alimpenda Dufie kupita kiasi, na wakiwa pamoja ni kutukanana tu kutwa.

Mwaka huu Dufie aliugua tumbo. Hospitali walimrudisha nyumbani na dawa za maumivu. Mkasi ukamshinda, kisha kijiko.

"Amponsaa," akasema, "nimechoka. Niite."

"Gunzi, nyamaza unywe uji."

"Niite jina langu."

"Sikuiti. Utakaa hapa hapa, kunguru wewe, mpaka nikuchoke."

Siku tatu aliniomba. Siku tatu nilimtukana. Usiku hakulala kwa maumivu, na mimi nilikuwa naona, lakini nilisema sitamtoa kwa mdomo wangu. Nilikuwa nimemshikilia kwa ajili yake au kwa ajili yangu? Sijui. Naliogopa swali hilo.

Siku ya nne Sumina akaja na kadi. Uzi wa dhahabu, njiwa wawili wa kitenge changu. Dufie, karibu nyumbani.

Nikamvamia. "Unataka kumuua? Yeye aliyekuokoa?"

"Anti, ameniomba mwenyewe." Alikuwa analia lakini hakurudi nyuma. "Mimi alinifichia jina ili nibaki. Sasa yeye anataka lake ili apumzike. Tumnyime?"

Nikaipokonya ile kadi, nikaigeuza haraka. Nyuma, chini kabisa, kwa herufi za kombo: Mkono wa Jalala. Nikakaa kitandani.

"Dufie," nikasema. Miaka kumi na tisa. Jina lilikuwa gumu mdomoni. "Dufie, shoga yangu, kadi yako imefika."

Akafumbua macho, akaishika, akapitisha kidole kwenye uzi wa dhahabu kuangalia kama umeshonwa sawa. Bado fundi yule! Akatabasamu.

Ilikuwa saa sita mchana. Barazani mtu akapiga hodi, kwa upole.

Sumina akainuka kwenda kufungua. Nikamshika mkono kwa nguvu. "Kaa chini, uchafu wewe," nikamwambia, "hakuna aliyekuita." Nikafuta machozi, nikaenda mlangoni mimi mwenyewe, nikafungua, nikasema, "Karibu, mama. Yuko tayari."