Unga wa Mwenzangu wa Jandoni

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini ukipita Magomeni ya huku kwetu kusini ukaona nyumba yenye geti la kijani, ujue ni yangu. Mikorosho yangu ya Mahurunga niliipanda kwa mikono hii hii. Watu siwaamini ovyo. Nilimwamini mmoja tu, mwenzangu wa jandoni. Tulitahiriwa siku moja, tukalala mkeka mmoja mpaka tukapona. Kwetu mtu wa namna hiyo humwulizi ushahidi.

Yeye anauza dawa za miti shamba Ufukoni. Nilipoanza kuungua chembe ya moyo, akaniletea unga kwenye kopo.

"Vidonda hivi vya tumbo, shemeji," alimwambia mke wangu, "vitabaki hadithi."

Kweli maumivu yakatulia. Lakini tulipokuwa tunapuliza salfa, dawa ya mikorosho, shambani, choo changu kikawa cheusi kama lami, kinanata, kinanuka vibaya. Nikampigia simu mwenzangu.

"Hongera, bwana mkubwa! Uchafu wa vidonda unatoka huo. Ongeza kijiko."

Nikaongeza. Mke wangu akasema twende hospitali.

"Wewe udaktari umesomea wapi?" nikamuuliza.

"Na yeye je, kasomea wapi?"

Nikamwambia anyamaze. Siku ya tatu mikorosho ikaanza kunizunguka, nikaanguka. Watu wangu wakanipakia kwenye pikipiki, mmoja mbele, mmoja nyuma, mimi tajiri wao nimebanwa katikati kama gunia.

Hospitali nilitapika vitu kama machicha ya kahawa. Wakaniongezea damu. Daktari, binti wa umri wa mwanangu, akauliza, "Baba, unameza dawa gani za maumivu?"

"Simezi. Natumia miti shamba tu."

Mke wangu akatoa kopo kwenye mkoba. Daktari akamimina unga kwenye karatasi, akauchambua kwa ncha ya kalamu. Kikatokea kipande cha kidonge, maandishi yake yanasomeka.

"Hiki ni cha maumivu, kimetwangwa humu. Vidonge hivi vinatuliza huku vinachimba kidonda. Choo cheusi ni damu, baba. Ukiona hicho, au ukitapika damu, au kizunguzungu, au tumbo likiuma ghafla na kukaza kama ubao, usingoje hata kesho."

Nilipoweza kutembea nikaenda Ufukoni. Hakukana.

"Kila muuzaji anachanganya," alisema. "Wateja wanataka nafuu ya haraka."

"Mimi ni mteja?"

Nikamuuliza yeye akiumwa tumbo anakunywa nini. Mkewe, aliyekuwa anachambua dagaa pembeni, akajibu bila kuinua uso: "Huyu? Huyu akijisikia kiungulia tu, yuko hospitali, wa kwanza kwenye foleni."

Mwenzangu akanishika mkono, akaniita kwa jina nililopewa jandoni, ambalo hata mke wangu halijui. Nikauvuta mkono wangu. Nikamwambia mbele ya mkewe kwamba siku nitakayokufa, jeneza langu asiliguse.