Salvina wa Kikao Kingine

Shangazi yangu Salvina aliandika majibu ya serikali maisha yake yote ya kazi, na sijawahi kumsikia akijibu swali. Nasema hivi kwa mapenzi. Mbunge akiuliza kwa nini kesi imelala mahakamani, au kwa nini shehena ya ngano imekwama bandarini, au kwa nini wagonjwa wa macho wanasubiri matibabu mpaka wanapofuka, waziri husimama na kusoma karatasi. Karatasi ile hakuiandika waziri. Aliiandika mwanamke mfupi mwenye sweta ya kijivu na peremende mkobani, ambaye jioni alikuja kwetu kula supu na kulalamika kwamba haina chumvi.

Alikuwa na sentensi moja aliyoipenda kuliko zote: "Namjulisha mheshimiwa muulizaji kwamba taarifa inakusanywa na itatolewa katika kikao kingine." Hakuitunga yeye, aliikuta ofisini. Lakini mkononi mwake ilikuwa kitu kingine. Mawaziri walikuja na kuondoka, wa chama chekundu na wa chama cha buluu, naye akahamishwa kutoka wizara ya biashara kwenda ya sheria, kutoka ya sheria kwenda ya afya, na kila alikokwenda aliibeba sentensi yake kama mtu anayehama na paka wake.

Hapa Malta bunge husikika redioni, na mtaa wetu haumwachi mtu bila jina la utani. Wakamwita Salvina Kikao Kingine. Muuza nyama alimpigia kelele mlangoni, "Salvina, utanilipa leo au kikao kingine?" Naye alicheka, maana alikuwa na moyo mzuri. Kuna bwana mmoja, Wistin, fundi wa saa, alimwomba waoane. Shangazi akamwambia suala linashughulikiwa. Wistin alisubiri akachoka, akaoa mwanamke wa kisiwa cha Gozo mwenye mbuzi.

Basi hayo ni ya kuchekesha. Yanayofuata si ya kuchekesha, na mpaka leo nikiyasimulia nataka mlango ulio nyuma yangu uwe umefungwa.

Mwisho wa mtaa aliishi mjane, Bi Grezzja, na mwanawe mmoja, Nazzareno. Nazzareno alitengeneza fataki za sikukuu ya mtakatifu wetu, zile za mchana zinazopasuka mpaka vioo vinatetemeka. Mwaka mmoja alikamatwa kwa baruti iliyoingizwa nchini bila kibali. Akawekwa mahabusu, na kwa kuwa alikuwa na pumu mbaya, wakamlaza Nyumba ya Mtakatifu Rokku, mahali pa mahabusu wagonjwa. Alifia huko siku yenyewe ya sikukuu, mchana, huku fataki alizotengeneza kwa mikono yake zikilipuliwa angani bila yeye. Mama yake aliambiwa kesho yake. Aliambiwa kwamba amekufa, basi.

Bi Grezzja alikwenda kwa mbunge. Hakutaka fidia, hakutaka mtu afungwe. Alitaka swali moja liulizwe: mwanangu aliita? Mbunge alilivika koti na tai, likawa refu, lakini mwishoni aliliacha vilevile, "na iwapo marehemu aliita msaada."

Swali likapelekwa kwanza wizara ya biashara, kwa sababu ya ile baruti. Shangazi alikuwa huko, akajibu kwamba mheshimiwa amwulize waziri wa sheria. Haukupita muda akahamishiwa sheria, akalikuta swali limeshafika, linamsubiri. Safari hii alifanya kama ilivyompasa: alipiga simu Nyumba ya Mtakatifu Rokku. Akapokea mtu aliyechoka, akamwambia yote. Shangazi akaenda kwa mkuu wake. Mkuu akatazama dirishani, akasema, "Salvina, andika ile ya kawaida." Akaandika ile ya kawaida. Alipohamishiwa afya swali likamfuata na huko, naye akaandika kwamba waziri anarejea jibu lililokwisha kutolewa na waziri mwenzake. Jibu gani? Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata alikuwa yeye, akanyamaza.

Alistaafu. Wakampa saa ya mezani na keki. Ndipo kengele ilipoanza.

Ilikuwa ikilia mchana, baada ya chakula, wakati mtaa mzima umelala na hata mbwa hawana neno. Kengele ya mlango, mlio mrefu usiokatika, kama mtu amekibonyeza kitufe na hana nia ya kukiachia. Shangazi alifungua mlango. Jua, ukuta wa jirani, paka. Hakuna mtu. Mara ya kwanza alitukana watoto. Mara ya pili aliweka kiti nyuma ya mlango, akakaa na ufagio. Ikalia naye amekaa palepale. Akafungua papo hapo, mtaa mtupu, na kengele bado inalia nyuma ya mgongo wake.

Akaita fundi umeme aing'oe. Akaing'oa, nyaya akazifunga kwa utepe, kengele ikatiwa kwenye droo pamoja na vijiko. Kesho yake mchana ikalia.

Sikuamini. Nilimwambia, "Shangazi, ni masikio. Umri huo."

"Sawa, Melita. Njoo ule hapa Jumatano."

Nikaenda. Tulikula sungura, tukanywa kahawa. Ilipoanza kulia nilifungua droo, nikaitoa ile kengele na kuishika mkononi. Ilikuwa ya baridi, haitikisiki hata kidogo. Mlio ulikuwa unatoka ukutani, pale ilipokuwepo zamani, penye matundu mawili ya misumari. Shangazi aliendelea kukoroga kahawa yake isiyo na sukari.

"Nani anapiga, shangazi?"

"Suala linashughulikiwa," alisema. Lakini kijiko kilikuwa kinagonga kikombe, na nikajua anaogopa kuliko mimi.

Wiki hiyohiyo muuza mkate alileta ujumbe. Bi Grezzja anamwita Salvina nyumbani kwake, Jumatatu, saa ya bunge. "Anasema umechelewa sana," alisema muuza mkate, "lakini amekuwekea kiti."

Shangazi alikaa chini. Wanawake hawa wawili walikuwa wakiamkiana kanisani miaka yote. Bi Grezzja hakuwahi kuambiwa nani huandika majibu ya mawaziri.

"Twende wote," aliniambia. "Mimi peke yangu sitafika."

Siku hiyo upepo wa kusini ulikuwa umeingia, ule unaofanya sakafu itoke jasho. Nyumba ya Bi Grezzja ilikuwa nusu giza, vibao vya dirisha vimefungwa, kuta zinachuruzika. Alikuwa amekonda, mikono yote mifupa. Sebuleni palikuwa na meza ya mviringo bila kitambaa, na viti vinne. Redio ilikuwa inaongea juu ya kabati, sauti ndogo: spika, mbunge, waziri, kikohozi cha mtu.

Shangazi alikaa kiti cha karibu na mlango. Mimi nikakaa kando yake. Bi Grezzja alikaa mbele yetu, akaweka viganja vyote viwili juu ya meza, vidole vimetanuliwa.

Nilipoona vile vidole nikaelewa. Kwa lugha yetu, neno la kikao cha bunge ndilo hilohilo la kikao cha kuita wafu. Bibi zetu walikuwa wakikaa hivyo, viganja juu ya meza, wakiita waume zao waliozama, mpaka padri akawakemea mimbarini. Bi Grezzja hakusoma, na mambo ya bunge hakuyajua. Serikali ilimwambia jibu litatolewa katika kikao kingine. Naye alikijua kikao kingine kimoja tu.

"Nimekaa hapa kila siku ya bunge," alisema. "Viti tayari, redio wazi. Hakuja mtu. Halafu juzi namsikia muuza nyama anakuita barabarani. Nikajigonga kichwa. Grezzja, mjinga wewe! Mwenye kikao anapita mbele ya mlango wako kila siku na sweta yake, na wewe unahangaika na meza!"

"Bi Grezzja," alisema shangazi, "mimi si mtu wa..."

"Si wewe Salvina wa Kikao Kingine?"

"Ni jina la utani tu, mama. Wananitania."

"Jina halikai kwa mtu bure. Weka mikono mezani."

Nilimkanyaga shangazi mguu chini ya meza. Nilitaka ainuke tuondoke, tuseme kichwa kinauma, tuseme jiko linawaka, lolote. Yeye alivua miwani. Akaweka mikono juu ya meza. Redioni waziri fulani alikuwa anasema kwamba taarifa inakusanywa, na Bi Grezzja akanyanyua mkono mmoja, akaizima.

"Uliza," alisema shangazi.

"Wewe unalijua swali."

"Nalijua."

Kisha shangazi alisimama, kama wanavyosimama mawaziri, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, kavu, isiyo na mtu ndani yake:

"Namjulisha mheshimiwa muulizaji kwamba taarifa imekusanywa."

Halafu sauti yake mwenyewe ikarudi, ile ya supu na chumvi.

"Aliita, Bi Grezzja. Kila kitanda kilikuwa na kengele. Aliibonyeza tangu baada ya chakula cha mchana. Wodini alikuwepo mlinzi mmoja tu, wengine wamekwenda sikukuu. Mlinzi alisema mgonjwa yule ni msumbufu. Alisema baina ya fataki na kengele kichwa kilikuwa kinampasuka. Akachomoa waya. Alipomrudia, alimkuta bado amekibonyeza kitufe. Walishindwa kukiondoa kidole chake hapo. Nimelijua hilo tangu nikiwa sheria. Niliambiwa niandike ile ya kawaida, nikaandika."

Nilimtazama Bi Grezzja nikingoja alie, au atutukane, au amrukie. Nilitamani amrukie. Lakini uso wake ulikuwa umelegea tu, kama wa mtu aliyetua ndoo.

"Kwa hiyo alipiga," alisema.

"Alipiga."

"Mchana. Fataki zinalia."

"Ndiyo, mama."

"Basi nilisikia sawasawa." Alianza kuipapasa meza kwa viganja, taratibu, kama anatandika shuka. "Nilikuwa nimejilaza pale kwenye kochi. Kengele ya mlango ikalia. Mlio mmoja, haukatiki. Nikafungua, hakuna mtu. Nikarudi kulala, ikalia tena. Nikafungua, hakuna mtu, nikasema ni watoto wa sikukuu hawa, washenzi. Mara ya tatu sikufungua." Alitazama juu ya mlango. "Nilipanda kiti, Salvina. Nikachomoa waya."

Shangazi alifunika mdomo.

"Niliwaambia watu nilisikia kengele, wakanipa vidonge. Mimi sikutaka kujua nani kamuua. Nilitaka kujua kama niliyemfungia mlango ni yeye."

Nililia bila kujizuia. Shangazi alikuwa bado amesimama, mikono inaning'inia. Mbele yake alikuwa amekaa mtu ambaye angeweza kujibiwa kwa sentensi moja fupi akiwa bado na meno yake. Alisema, "Nisamehe," na Bi Grezzja hakuonekana kusikia, maana alikuwa amegeuza kichwa kuelekea mlangoni.

Kisha nasi tukasikia. Mlio mrefu, usiokatika. Juu ya mlango wa Bi Grezzja hapakuwa na kengele. Palikuwa na doa jeupe ukutani na ncha mbili za waya zilizochomoka, zimeota kutu.

Nilimshika shangazi mkono.

Bi Grezzja aliinuka. Alijishikilia meza, akashikilia ukuta, akafika mlangoni, akavuta komeo. Mwanga wa nje ukaingia pamoja na ule upepo wa moto. Nilitazama vizuri, naapa nilitazama. Mtaa ulikuwa mtupu. Lakini mara tu mlango ulipofunguka, mlio ulikatika.

"Umekuja kwa miguu na jua hili?" alisema Bi Grezzja, akimgombeza kama mama yeyote. "Ingia, ingia. Na viatu hivyo."

Akajibana ukutani, kama unavyompisha mtu mwenye mabega mapana katika ujia mwembamba. Pazia la ndani lilijisogeza. Akafunga mlango taratibu, akageuka, akamtazama shangazi, ambaye alikuwa anajishusha tena kwenye kile kiti cha karibu na mlango.

"Usikae hapo, Salvina," alisema. "Hicho ni chake."