Mpangaji Aliyekwama Kwenye Lifti

Jambo la kwanza unaloliona kwake ni kwamba hachezi ili ashinde. Wenzake ofisini wanaweza kuwa wanashangilia pointi, yeye ameinamia simu anamsukuma mhusika wake ukutani. Anamsukuma kwenye kona hii, kisha kwenye kona ile, anamrudisha nyuma kidogo na kumsukuma tena, kwa utulivu wa mtu anayegongagonga tikiti maji kabla hajalinunua. Mgeni akimwona hudhani mama wa watu hajui mchezo, na mara nyingi hujitolea kumfundisha. Yeye humsikiliza mpaka mwisho, humshukuru, halafu huendelea na ukuta wake.

Ofisini wanamwita Viraka. Kazi yake ni kutafuta kasoro za mchezo na kuzirekebisha, na jina hilo limemganda kiasi kwamba hata mlinzi wa chini akiulizwa jina lake halisi hukuna kichwa. Kampuni yao ni ndogo. Imepanga vyumba juu ya duka la vioo, na kila fundi wa chini anapokata kioo, watu wa juu hukunja uso wote kwa pamoja bila kuacha wanachokifanya.

Mchezo wanaoutengeneza ni wa simu, unaitwa Ghorofa. Mchezaji hupewa kiwanja na chumba kimoja, akiwatunza wapangaji wake vizuri jengo linapanda. Wapangaji ni watu wadogo wa kuchora, lakini mchezaji huwapa majina mwenyewe, huwachagulia nguo na kuwanunulia vyombo. Kila mmoja ana tabia yake. Yuko anayepiga chafya kila akipita ngazini, na yuko asiyebanduka dirishani.

Kila baada ya muda kampuni hutoa sasisho, yaani toleo jipya ambalo wachezaji hulipakua kwenye simu zao. Nini kiingie kwenye sasisho na nini kisubiri, hilo huamuliwa mbele ya sanduku. Sanduku lenyewe ni mchoro tu kwenye ubao mweupe wa ofisi. Bosi alilichora siku moja akieleza jambo, akakosea akatumia kalamu isiyofutika, na kwa kuwa halikufutika likawa sheria. Kitu kipya huandikwa kwenye karatasi ya njano, marekebisho kwenye karatasi nyeupe. Kazi kubwa hupewa karatasi kubwa. Kinachoenea ndani ya mstari kinakwenda kwa wachezaji, kinachobaki nje kinasubiri zamu nyingine. Karatasi kulaliana ni marufuku.

Karatasi ya lifti ilikuwa nyeupe, na kwa kubandikwa na kubanduliwa pembe zake zilikwisha kuwa kama masikio ya mbwa. Kasoro yenyewe haikuwa ya kila siku. Mpangaji akiingia kwenye lifti amebeba kitu kikubwa, na mchezaji akaufunga mchezo wakati huohuo, lifti ilisahau inampeleka wapi. Mlango ulifungwa, taa ya ndani ikabaki inawaka, na mpangaji hakutoka tena. Walioripoti walikuwa wachache. Kwa hiyo karatasi ya lifti ilitolewa ili paka waingie, ikatolewa tena kwa ajili ya mapazia, kisha kwa ajili ya varanda. Mara zote hizo Viraka aliibandua kwa mkono wake mwenyewe. Hakuona sababu ya kugombana.

Sababu aliipata nyumbani.

Anaishi na mama yake, muuguzi mstaafu, ambaye alianza kucheza Ghorofa ili, kwa maneno yake, ajue mtoto wake anakula jasho gani. Alianza kwa dharau akaishia kuwa na jengo refu kuliko la Bosi. Mpangaji wake wa kwanza alimpa jina la marehemu mumewe, akamvika kofia ya kijivu na kumpa chumba chenye dirisha la mbele. Katika mazungumzo alimwita tu "yule wa dirishani."

Jioni moja Viraka alirudi kutoka kazini akamkuta mama ameweka simu katikati ya meza, kama mtu aliyeleta ushahidi.

"Hebu njoo uone mambo yenu."

"Kuna nini, Mama?"

"Yule wa dirishani nilimnunulia kiti. Kakibeba, kaingia kwenye lifti. Mara shangazi yako akapiga, nikafunga mchezo niongee naye. Narudi, lifti haifunguki."

Viraka alitazama. Taa ya lifti ilikuwa inawaka. Jina la baba yake lilikuwa bado mlangoni pa chumba, na dirisha lilikuwa tupu.

"Ni kasoro, Mama. Tunaijua."

"Mnaijua?" Mama alivua miwani. "Mnaijua, na mtu yumo ndani hali, halali?"

"Mama, ni picha tu."

"Kwani nimesema ni mtu?"

"Umesema sasa hivi."

"Basi mtoeni hiyo picha."

Kesho yake Viraka aliingia ofisini mapema na kubandika karatasi ya lifti katikati kabisa ya sanduku. Haikukaa. Siku hiyo ndiyo Mchoraji alileta bwawa.

Mchoraji ni kijana mpole ambaye kwa miezi alikuwa akichora maji peke yake: maji yenye jua, maji yenye mawingu, maji mtu akirukia. Bwawa la kuogelea lingekaa juu ya paa la kila jengo lililofika ghorofa ya mwisho, na Bosi alikwisha kuwatangazia wachezaji kwamba linakuja. Karatasi yake ya njano ilikuwa kubwa kama gazeti lililokunjuliwa. Ilipobandikwa, sanduku likabaki na nafasi ya kutosha karatasi ndogondogo tu, na ya lifti haikuwa ndogo.

"Watu wamekwama kwenye lifti," Viraka alisema, "na sisi tunawajengea bwawa juu ya paa. Watafikaje?"

"Kwa ngazi," alisema Bosi. "Mazoezi."

Watu wakacheka, na Viraka naye akacheka, kwa kuwa Bosi si mtu mbaya. Ni mwanamke anayejua kwamba mchezo usioonyesha kitu kipya husahaulika, na aliwahi kuiona kampuni nyingine ikifungwa ikiwa na mchezo usio na kasoro hata moja na usio na mchezaji hata mmoja. "Mtu akiona bwawa anamwita mwenzake aje aone," alisema. "Hakuna anayemwita mwenzake aje aone lifti inayofanya kazi."

Hapo Chapuchapu akanyoosha mkono. Huyu ni mwandishi wa programu, na jina lake linajieleza. Alisema atairekebisha lifti kwa nusu ya siku, karatasi ndogo itatosha, bwawa lisiguswe. Bosi akafurahi. Mchoraji akapumua. Kabla ya chakula cha mchana Chapuchapu alikuwa amemaliza, akampa Viraka simu ajaribu.

Viraka alikuwa ametengeneza jengo la majaribio na kuwakwamisha wapangaji kadhaa kwa makusudi. Aliufungua mchezo. Lifti ilifunguka, nyeupe na tupu, ikashuka, ikapanda, ikafunguka tena. Alimpandisha mpangaji aliyebeba kabati, akaufunga mchezo na kuufungua. Lifti ikafunguka vizuri. Akaijaribu kwa kila hila aliyoijua na haikukwama hata mara moja. Kisha akapita mlango hadi mlango akisoma majina.

"Wako wapi waliokuwa ndani?"

"Wa ndani gani?" Chapuchapu alikuwa anakula.

"Waliokwama."

"Aa, hao. Hao wamefutwa. Mchezo ukifunguka, lifti inajisafisha kwanza. Chumba kinakuwa wazi, mchezaji analetewa mpangaji mpya. Tena mpya anakuja na zawadi, kwa hiyo ni faida."

"Umewasafisha na takataka."

"Dada, nimeitoa kasoro. Uliniambia lifti ifunguke, imefunguka."

Hakusema uongo, na hilo ndilo lililomsumbua Viraka zaidi. Kwa vipimo vyao vyote kazi ilikuwa safi. Sasisho likitoka hivyo, yule wa dirishani angeondolewa kimyakimya, na mama angeamka akute mgeni mwenye zawadi amesimama mlangoni. Na lingetoka, maana karatasi ndogo nyeupe ilikwisha kubandikwa pembeni mwa bwawa, na vyote viwili vilienea.

Aliomba kikao. Alieleza kwamba wapo wachezaji waliomwandikia wakiulizia wapangaji wao kwa majina, na kwamba hakuna hata mmoja aliyeomba mpangaji mwingine. Marekebisho ya kweli, alisema, ni kuwatoa watu wakiwa hai na kuwarudisha vyumbani mwao. Kazi hiyo ilihitaji siku nyingi, na siku hizo zingetoka kwa bwawa tu.

Bosi alielekeza kidole kwenye karatasi ya lifti. Chini fundi alikata kioo, wakakunja nyuso, wakasubiri kiishe.

"Karatasi hii umeibandua mwenyewe mara ngapi?"

"Nyingi."

"Na hukuwahi kuomba kikao. Una mtu wako humo?"

"Ninaye."

"Nani?"

"Mpangaji wa mama yangu."

Chapuchapu alianza kucheka, akamtazama usoni, akaishia kukohoa.

"Sasa hiyo si sababu ya kampuni," alisema Bosi, bila ukali.

"Najua. Ndiyo maana nimeanza na zile nyingine."

Bwawa lilikwisha kutangazwa, halikuweza kurudi. Viraka alisimama mbele ya sanduku akiitazama ile karatasi ya njano, halafu akaenda mezani kwa Mchoraji, akachukua mkasi na kumuuliza kama anaruhusiwa.

"Kufanya nini?"

"Kuigawa. Shimo la bwawa, vigae, ngazi za kushukia na viti vya pembeni viende sasa. Maji yasubiri sasisho lijalo. Maji ndiyo yanayokula siku zote za kazi."

Mchoraji aliiangalia karatasi yake kama mtu anayeombwa amshike mwanawe achomwe sindano. "Yaani unanikatia maji."

"Kwa muda tu."

"Ndivyo wanavyosema wote wanaokata maji," alisema Bosi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu. "Wekeni kibao pale juu: Maji yanakuja. Kila mchezaji ataelewa. Nani hajawahi kuishi kwenye nyumba ya namna hiyo?"

Mchoraji alikata mwenyewe. Alikata taratibu, akifuata mstari alioupiga kwa rula, na ile nusu ya maji akaiweka kwenye droo yake badala ya kuiacha kwenye ubao. Hakuzungumza na Viraka hadi siku ya pili, alipomletea kibao alichokichora, chenye herufi zilizopinda kidogo kama zimeandikwa na msimamizi wa jengo mwenye haraka. Kilikuwa kizuri. Viraka alimwambia hivyo, naye akaitikia kwa kichwa.

Kuwatoa watu kwenye lifti kulikuwa kugumu kuliko kuwafuta. Lifti ilikuwa imesahau safari zao, ilichokumbuka ni mizigo tu. Viraka na Chapuchapu, ambaye sasa alikuwa amekasirika kwa namna inayofaa kazi, waliufundisha mchezo kumsoma kila aliyekwama, kutafuta mlango wenye jina lake na kumshusha hapo mchezaji akibonyeza kitufe kipya kando ya lifti. Majaribio ya kwanza yalikuwa kichekesho. Mpangaji mmoja alitokea ndani ya ukuta, viatu tu vikionekana. Mwingine alitoka salama lakini kabati lake likabaki na safari yake, likawa linapanda na kushuka lenyewe. Mwingine alifika mlangoni kwake akawa anapiga chafya bila kukoma, na hadi leo hawajui kwa nini. Siku ziliisha hivyo. Mwishowe wote wa jengo la majaribio walitoka, kila mmoja na mzigo wake, na Chapuchapu akasema hata yeye hajawahi kufanya kazi polepole kiasi hicho.

Kitu kimoja hawakuweza kukijaribu. Jengo la mama lilihifadhiwa kwenye simu ya mama peke yake, simu ya zamani, na mpangaji wake alikwama kabla simu hiyo haijapakua sasisho la varanda, wakati vyumba vilipangwa kwa njia nyingine. Chapuchapu alidhani itakuwa sawa. Viraka alimuuliza anadhani au anajua, naye akasema anadhani sana.

Sasisho lilitoka asubuhi ya siku ya mapumziko. Wachezaji wa mwanzo walikuwa wameshaanza kutania kuhusu bwawa kavu, wengine wakiwapiga picha wapangaji wao wamekaa vitini kulizunguka shimo wakisubiri. Viraka hakuusoma utani huo. Alikuwa mezani nyumbani, na simu ya mama ilikuwa kati yao, imechomekwa kwenye umeme, inapakua.

"Inakwenda?" mama aliuliza.

"Inakwenda."

"Mbona kama imesimama?"

"Simu yako nzito, Mama. Inakwenda."

"Isije ikawa nzito kama vichwa vyenu." Mama alifuta miwani kwa upindo wa nguo, akaivaa, akaivua, akaifuta tena. Alikuwa ameoga na kuchana nywele, ingawa hakuwa na safari yoyote.

"Mama, naweza nikakosea," Viraka alisema. "Anaweza asitoke. Nataka ujue mapema."

"Nimekaa wodini miaka mingi, mwanangu. Maneno hayo nimewaambia watu wengi." Alisogeza kiti karibu. "Fungua basi."

"Fungua wewe. Jengo lako."

Mama alibonyeza. Kioo cha simu kilikuwa cheusi kwa muda mfupi, halafu jina la mchezo likatokea, halafu jengo likaanza kujijenga kutoka chini kama kawaida yake, ghorofa juu ya ghorofa, mapazia, varanda, paka mmoja kwenye ngazi. Paa likaja mwisho, na bwawa lake lisilo na maji. Taa ya lifti ilikuwa inawaka. Kando ya mlango wake palikuwa na kitufe ambacho zamani hakikuwepo, kidogo, cha kijani.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho. Ngoja kwanza majina yote yatokee milangoni, ndipo lifti ijue pa kumshusha."

Majina yalianza kutokea, moja moja, kuanzia chini. Mama aliinua kidole akakiweka juu ya kitufe bila kukigusa, akangoja.